Vizimba Vitano vya Mama Panya

Tuanze na chuki, maana bila hiyo mwanamke huyu angekuwa bado anafua mashuka ya hospitali na hakuna ambaye angemwita Mama Panya. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, mfupi, mikono imekakamaa kwa sabuni, na alikuwa na kinyongo cha miaka minne alichokitunza kuliko watu wengine wanavyotunza nyumba zao. Kila asubuhi alikiamsha, akakipa chai, wakaenda kazini wote wawili.

Kinyongo chenyewe kilikuwa na sababu. Mdogo wake, aliyemlea kwa mikono yake tangu mama yao alipofariki, alipata uvimbe kwenye titi. Uvimbe mdogo, kama harage. Mwezi huohuo jirani yao wa ukuta mmoja, fundi cherehani, naye akakutwa na uvimbe, wake mkubwa kama limau. Wakaanza kwenda hospitali pamoja. Walipasuliwa wiki moja, na kliniki walikaa kwenye viti viwili vilivyopakana, wakigawana mwavuli na umbea. Watu walimhurumia fundi cherehani, mdogo mtu wakampongeza. "Una bahati wewe, limeonekana likiwa dogo," walimwambia, naye akaamini, hata akawa ndiye anayemfariji mwenzake. Mwaka wa pili akaanza kukohoa. Akasema ni vumbi. Alipopigwa picha ya kifua mapafu yalikuwa yamejaa madoa, na baada ya miezi mitano wakamzika.

Harage likaua, limau likabaki hai. Mama Panya alilitafuna jambo hilo usiku na mchana na halikulainika. Siku ya tatu baada ya mazishi fundi cherehani alikuja kutoa pole. Aliketi, akalia kwa kwikwi, kifua kikipanda na kushuka, na Mama Panya akakitazama kile kifua kinavyopumua bila shida, akamuuliza mbele za watu, "Na wewe umebaki ili ufanye nini?"

Watu wakainamisha macho. Fundi cherehani akainuka, akatafuta viatu vyake mlangoni, akaondoka. Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Walipishana kwenye ujia kama watu wasiojuana, na jioni Mama Panya aliisikia cherehani ikilia ng'ambo ya ukuta, akauma meno mpaka inyamaze.

Ndipo taasisi ya utafiti iliyokuwa nyuma ya hospitali ikatangaza kwamba inatafuta mlezi wa panya. Wafuaji wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Mtu mzima, ukalee panya? Lakini Mama Panya alikuwa amesikia panya hao ni wa nini. Walikuwa wakipandikizwa seli za saratani ya titi ya binadamu, ichunguzwe inavyosambaa mwilini. Aliliacha shuka ndani ya maji akaenda kuomba kazi. Profesa, mkuu wa taasisi, mwanamume wa miwani na haraka nyingi, alimuuliza kwa nini anaitaka kazi hiyo.

"Nataka niione inakufa," alisema.

Profesa alicheka, akidhani ni mzaha. Hakuwa ametania hata kidogo.

Chumba cha panya hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na joto la kudumu, taa zinazojiwasha na kujizima zenyewe, na rafu nne za vizimba vya plastiki angavu. Panya wenyewe hawakuwa na manyoya. Walikuwa waridi, ngozi imejikunja shingoni, masikio makubwa, na walizaliwa wakiwa na upungufu wa kinga, ndiyo maana seli za mtu ziliweza kuota ndani yao bila kufukuzwa. Kwa kuwa hawana manyoya, kila kizimba kiliwekwa karatasi laini, wao wakaichana vipande vipande na kujifanyia kiota. Kazi yake ilikuwa kubadilisha maranda, kujaza chupa za maji, kupima uzito, kumshika panya kifudifudi huku Daktari akimpima uvimbe kwa kipimo chenye taya kama koleo, na kutia alama ya vema kwenye fomu iliyobandikwa mlangoni. Mlinzi wa lango ndiye aliyempa jina hilo la Mama Panya, akimwamkia kila asubuhi, "Shikamoo Mama Panya, watoto wameamkaje?" Naye hujibu, "Marahaba, wamekuulizia, wanataka kukung'ata."

Daktari alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye tabia ya kusahau kula. Utafiti ulikuwa wake. Alimpenda Mama Panya kwa sababu mikono yake haikutetemeka, na siku moja wakisubiri maji ya kusafishia yachemke, Mama Panya alimuuliza kitu kilichokuwa kikimkaba.

"Mwanangu, hebu niambie. Walimkata mdogo wangu ule uvimbe wote. Wakasema umeisha. Sasa ulifikaje kwenye mapafu?"

Daktari alifikiri namna ya kulisema. "Mama, kila seli ya mwili ina protini zinazosimamia kifo chake. Kuna zinazoiambia 'sasa kufa', na kuna zinazoiambia 'ngoja kwanza'. Seli ya titi ikiachana na wenzake, ikajikuta peke yake kwenye damu, inatakiwa isikie 'kufa', ijimalize. Huo ndio ulinzi wetu. Lakini ikiwa hizi za 'ngoja' zimezidi, haifi. Inaelea, inasafiri, inafika mapafuni, inaweka kambi."

"Kama kifaranga kilichoachana na mama yake," alisema Mama Panya. "Kinatakiwa kife kwa baridi."

"Ndiyo. Ila hiki kimepewa koti."

Tangu siku hiyo Mama Panya aliiita protini ile Koti, na Daktari naye akazoea. Lakini nitakwambia jambo moja. Daktari aliendelea kueleza. Alisema wazi kabisa kwamba Koti halina kawaida ya kukuza uvimbe, kazi yake ni kuivusha seli safarini. Mama Panya alikuwa amesimama palepale, masikio yote mawili yapo, na hakusikia. Alikuwa ameshampata adui mwenye jina baada ya miaka minne ya kugombana na ukuta, na mwenye hasira akishapata anachokitaka huwa hasubiri sentensi imalizike.

Jaribio kubwa lilianza na vizimba kumi na sita, panya watatu kila kimoja. Panya wa vizimba vinane walipandikizwa seli zenye Koti, vinane seli zisizo nalo. Vipi ni vipi, hakuna aliyejua. Hata Daktari hakujua. Orodha ilikuwa ndani ya bahasha iliyofungwa, bahasha ndani ya droo ya Profesa, na droo ina kufuli. Ndiyo desturi ya kazi ile: anayelisha na anayepima wasijue, maana mkono wa mtu hufuata moyo wake bila kumuaga. Mwishoni wangehesabu madoa kwenye mapafu, kisha ndipo bahasha ifunguliwe. Ikionekana kwamba Koti ndilo linaloivusha saratani, kulikuwa na dawa tayari ya kulivua, ikingoja kujaribiwa. Isipoonekana, Profesa alishasema, utafiti unafungwa na chumba wanapewa watu wa kisukari.

Mama Panya aliielewa sheria ya bahasha, na wiki ya sita akaivunja bila kugusa droo. Aliwashika panya wale kila Jumatatu, na vidole vyake vilianza kutambua. Kizimba cha tatu, cha saba, cha tisa, cha kumi na mbili na cha kumi na nne: uvimbe wao ulikuwa mkubwa, mgumu, umejaa kiganjani. Wa wengine wote ulikuwa mdogo, hata kuupata ilikuwa shida.

"Nimekupata," alinong'ona akiwa amekishika kizimba cha saba. Koti limo humu. Mkubwa ndiye muuaji, nani asiyejua hilo?

Akaanza kulipiza kisasi. Hakuwapiga wala kuwanyima chakula, kwani hakuwa mjinga, uzito ungesema. Ila vile vizimba vitano aliviteremsha rafu ya chini kabisa, penye tundu la hewa baridi. Akaondoa karatasi za viota. Maranda yao akayabadilisha mwisho, au akayaacha siku mbili zaidi, na kwenye fomu ya mlangoni akatia vema kama kawaida. Siku za kupima alivipandisha, Daktari akiondoka akavishusha. Aliwatazama wale panya uchi wakijibana kwenye kona, watatu wakiwa donge moja linalotetemeka, akawaambia kwa sauti ya chini, "Mmezoea koti, eeh? Leo livaeni." Kisha akatoa kalenda ndogo ya mfukoni na kuweka alama ya msalaba kwenye tarehe, pembeni akaandika namba ya kizimba. Hakutaka hata siku moja ya adhabu yake ipotee bila kukumbukwa.

Nawajua watakaomtetea, kwamba alikuwa na uchungu. Alikuwa nao. Lakini mtu anayewatesa viumbe wasio na manyoya kwa ajili ya marehemu asiyejua lolote hahitaji kutetewa, anahitaji kushikwa mkono na kutolewa chumbani. Hakuwepo wa kumtoa. Alirudi nyumbani akiwa mwepesi, akala vizuri, akalala.

Wiki hizohizo ndipo kikohozi kilipoanza ng'ambo ya ukuta. Mwanzo kilikuwa cha asubuhi tu. Kisha kikawa cha mchana na jioni, kikavu, kirefu, cherehani ikisimama katikati ya mshono mpaka kipite. Mama Panya alikijua kikohozi kile. Aliwahi kulala nacho chumba kimoja miezi mitano. Alikaa kitandani akisikiliza, na tuseme ukweli, alifurahi. Alijisemea kwamba hesabu sasa inakaribia kukaa sawa. Akapiga mto wake ngumi mbili tatu, akageukia upande wa pili.

Wiki ya kumi na sita wakahesabu. Daktari alikaa siku tatu mbele ya hadubini bila kujua anahesabu mapafu ya nani, akaandika namba ya kizimba na idadi ya madoa. Siku ya nne asubuhi wakakusanyika chumba cha mkutano. Profesa akafungua kufuli, akaitoa bahasha, akaichana. Mama Panya aliomba asimame mlangoni, kwani alitaka kuwepo hukumu ikisomwa. Alikuwa amevaa kitenge chake kizuri chini ya koti la kazi.

Daktari aligawa ubao sehemu mbili, wenye Koti kushoto, wasio nalo kulia. Profesa akasoma, yeye akaandika.

Cha kwanza, kushoto, madoa mengi. Cha pili, kushoto, mengi. Cha tatu, kulia.

Mama Panya akakunja uso. Kulia?

Cha saba, kulia. Cha tisa, kulia. Cha kumi na mbili, kulia. Kati ya vizimba vyake vitano, kimoja tu, cha kumi na nne, kilikwenda kushoto. Na vile vinne vya kulia vilikuwa na madoa mengi. Sio mengi kama ya kushoto, lakini mengi. Vizimba vingine vinne vya kulia, ambavyo hakuvigusa, vilikuwa na sifuri, moja, sifuri, mbili.

Profesa alipiga mahesabu kwenye kompyuta yake, akavua miwani. "Zimechanganyika mno. Nusu ya wasio na Koti nao wamesambaa. Hakuna tofauti ya maana."

"Haiwezekani," alisema Daktari.

"Namba ndizo hizo. Pole sana. Mwisho wa mwezi tutakabidhi chumba."

Daktari aliketi. Hakulia kwa sauti, machozi yalimtoka tu akiwa anautazama ubao, akitafuta alipokosea. Na watu wote chumbani walitazama ubao uleule bila kuona kitu, isipokuwa mmoja. Mama Panya aliona vizimba vinne vya kulia vyenye madoa na akaviona rafu ya chini, penye baridi. Aliwanyang'anya koti wale ambao hawakuwa nalo. Mwenye Koti halisi alikaa rafu ya juu, kwenye joto na karatasi laini, akibadilishiwa maranda kwa wakati, na sasa anaachiwa huru, na shahidi wake mkuu ni Mama Panya mwenyewe.

Angeweza kunyamaza. Fomu ya mlangoni ilikuwa safi, alama zote za vema zipo. Wala usidhani kilichomsukuma ni dhamiri, maana dhamiri ilikuwa bado haijaamka. Ilikuwa ni chuki ileile. Koti kutoka mahakamani likiwa limeshinda? Kwa ushahidi wake yeye? Damu ilimchemka mpaka akaona giza.

"Halijashinda," alisema.

Wakageuka. Profesa akauliza, "Nini?"

Akaingiza mkono mfukoni, akaitoa ile kalenda, akaiweka mezani mbele ya Daktari. "Hiyo misalaba ni yangu. Hizo namba ni vizimba. Niliviweka kwenye baridi. Nikatoa karatasi. Cha tatu, cha saba, cha tisa, cha kumi na mbili, cha kumi na nne. Wiki kumi. Fomu ya mlangoni nilidanganya."

Daktari alifunua kurasa moja moja, akainua macho kwenye ubao, akarudi kwenye kalenda.

"Panya uchi, kwenye baridi, wiki kumi," alisema polepole. "Mwili ukihangaika hivyo uvimbe hupata mwanya. Hata usio na Koti." Kisha akamtazama. "Mama, kwa nini hivi vitano?"

"Vilikuwa na uvimbe mkubwa. Nikajua ndivyo vyenye Koti."

"Lakini nilikwambia! Siku ile ya maji, nilikwambia Koti halikuzi uvimbe. Sisemi mkubwa hauna hatari, unayo yake. Ila upo mkubwa unaokaa palepale ulipoota, na upo mdogo unaosafiri kimyakimya, hakuna anayeuogopa." Akaifunga kalenda. "Wa mdogo wako ulikuwa na ukubwa gani?"

Mama Panya alifungua mdomo. Lilitoka neno moja tu. "Harage."

Nimesema alilitafuna jambo hilo miaka minne. Kumbe alikuwa akilitafuna na ganda lake. Alikuwa amemwona kwa macho yake mwenye uvimbe mdogo akifa, akamzika, na bado alipopewa panya akamtafuta muuaji kwenye uvimbe mkubwa. Maana ndiko alikotaka awe. Ng'ambo ya ukuta kulikuwa na limau, na miaka yote minne alichokitaka ni limau lile liwe na hatia.

Profesa alikuwa wa kwanza kurudi kwenye kazi. "Basi tuondoe vile vitano. Vikitoka, tofauti inaonekana wazi."

"Hapana," alisema Daktari, akijifuta uso kwa mkono wa koti. "Bahasha imeshafunguliwa. Tukianza kuchagua sasa tutakuwa tunapika majibu, na yeye katupikia vya kutosha. Tunarudia. Panya wapya, kila kitu upya."

Wakabishana, Daktari akashinda, kwa sababu kalenda ilikuwa mezani na Profesa hakutaka ionekane popote kwamba aliijua na bado akafunga utafiti. Panya wapya wangefika baada ya wiki tatu. Kuhusu Mama Panya, Profesa alitaka aondoke siku ileile. Daktari alisema angebaki, lakini asikanyage tena chumba cha panya maisha yake yote. Angeosha vizimba vitupu, kule nyuma, penye mashine ya mvuke.

"Sikufanyii hisani," Daktari alimwambia kwenye ujia, na sauti yake ilikuwa ngumu. "Nina hasira na wewe. Lakini ungenyamaza, Koti lingepona. Nakuacha kwa sababu hiyo tu."

"Nina haki ya kuzomewa," alisema Mama Panya.

"Ndiyo, unayo. Nenda nyumbani."

Mlinzi wa lango alimuuliza watoto wameshindaje. Mama Panya akapita bila kusimama.

Alifika nyumbani saa nane mchana, jua bado kali, na alipokuwa anatafuta ufunguo kwenye mkoba akasikia kikohozi. Kikavu, kirefu, cherehani kimya. Aliusikia mkono wake ukiwa umeshika ufunguo na haugeuki. Mara ngapi amekisikia? Aliweza hata kutaja wiki. Aliwahesabia panya siku za baridi kwenye kalenda, na kikohozi hiki alikihesabu kichwani, kwa raha.

Alivuka hatua nne ambazo hakuwahi kuzivuka kwa miaka minne. "Hodi."

"Nani?"

"Mimi."

Mlango ulifunguka nusu. Fundi cherehani alikuwa amepungua. Tepu ya kupimia ilimning'inia shingoni, pini mbili zimebanwa kwenye kifua cha gauni, upande mmoja bapa kama ulivyoachwa na madaktari. Walitazamana kama majogoo wawili kabla hawajaamua kupigana.

"Umekuja kuniuliza nimebaki nifanye nini?" aliuliza fundi cherehani. "Sijapata jibu bado. Nikilipata nitagonga ukuta."

Mama Panya alilipokea lile, maana lilikuwa lake. "Hicho kikohozi kina muda gani?"

"Vumbi la vitambaa."

"Usiniambie vumbi!" Sauti ilimtoka kwa ukali mpaka mwenzake akarudi nyuma. "Niliambiwa vumbi mimi, humuhumu, kwenye ukuta huu. Kliniki wanasemaje? Si wanakuita kila baada ya miezi sita?"

Fundi cherehani alizungusha tepu kwenye kidole, akaikunjua, akaizungusha tena. "Sijakwenda."

"Tangu lini?"

"Tangu afe." Alisema hivyo bila kumtazama. "Wa kunisindikiza alikuwa mdogo wako. Nilikwenda mara moja peke yangu, nikafika mpaka mlangoni, nikaona vile viti viwili, nikageuka. Nikasema nitamwomba dada yake anisindikize, maana nani mwingine anajua? Nikakuta huyo dada yake hata salamu hanipi." Kikohozi kikambana, akashika fremu ya mlango mpaka kikapita. "Huu mwezi wa tatu nakohoa hapo ukutani. Nilijua unasikia. Nikawa najisemea, atachoka, atakuja kunitukana, basi nitapata nafasi ya kumwambia twende."

Mama Panya alisimama pale kizingitini, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alimkosa mtu wa kumchukia. Alimtafuta. Alimtafuta Koti, akamtafuta Mungu, akamtafuta yule aliyesema harage ni bahati. Wote hawakuwepo. Alikuwepo mwanamke mmoja mfupi mwenye mikono ya sabuni, mwenye misalaba ya wiki kumi kwenye kalenda na kikohozi cha miezi mitatu kichwani, na huyo hakuweza kumkimbia.

"Vaa viatu," alisema.

"Leo? Kliniki ni asubuhi."

"Basi kesho vaa viatu saa kumi na mbili. Nitakuwa hapa nje. Ukichelewa navunja mlango."

Saa kumi na mbili kasorobo alikuwa nje. Walitembea bila kuongea sana, fundi cherehani akipumzika kila pembe ya barabara, Mama Panya akijifanya anafunga kamba ya kiatu ili mwenzake asione aibu. Kliniki haikuwa imebadilika. Viti vilikuwa vilevile, vya plastiki, viwili vya mwisho vikiwa vimesogezwa ukutani. Fundi cherehani alikaa kwenye chake bila kufikiri. Cha pili kikabaki kitupu, na Mama Panya akasimama pembeni yake, mkoba kifuani.

Muuguzi alilitafuta faili mpaka akalipata chini kabisa, limejaa vumbi. Akalifungua, akatikisa kichwa. "Miaka minne! Mama, miaka minne ulikuwa wapi? Nani alikuzuia?"

"Mimi," alisema Mama Panya.

Muuguzi akainua kalamu. "Na wewe ni nani wake?"

"Ndiye niliyemchelewesha. Andika hapo."

"Hapa hakuna nafasi ya kuandika hayo. Kuna ndugu, jirani, mwingine."

Fundi cherehani alinyoosha mkono, akapangusa kiti cha pili kwa kiganja, mara mbili, kama anayetoa nyuzi kwenye nguo.

"Basi andika dada," alisema Mama Panya, akaketi.